Uongo Kumi na Tisa Nyuma ya Goli

Wajukuu zangu hapa Miyuji huizunguka redio mchana wa mechi na kugombana juu ya timu mbili za Dar es Salaam ambazo hawajapata kuziona kwa macho. Mmoja husema msimu huu ni wetu, mwenzake humjibu kwamba hata mwaka jana walisema hivyo hivyo, wakarudi na vichwa chini. Mtangazaji naye huziita timu hizo watani wa jadi. Nikilisikia neno hilo hunyanyuka nikatoka nje. Wao hudhani babu hapendi mpira. Naupenda kuliko wao wote, na nilikuwa shabiki kabla baba zao hawajazaliwa. Natoka kwa sababu mimi nilikuwa na mtani wa kweli, nikampoteza kwa ajili ya mechi moja.

Nimewasimulia. Kila nikisimulia huniambia, "Lakini babu, zilikuwa enzi za Mjerumani. Kosa si lako." Na kila mara nawakatalia. Mjerumani ana makosa yake na yanamtosha. Hili ni langu. Wala sitaki mtu anipunguzie.

Mpira ulifika Mvumi na misheni, miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza darasa la walimu na kupewa watoto wa kufundisha kusoma. Mchana tulifundisha, jioni tulicheza, au tuseme wenzangu walicheza, kwa kuwa mimi nikikimbia nilikuwa kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Lakini Mungu aliponinyima miguu alinipa mdomo. Kila timu ya Mvumi iliposafiri, mimi ndiye niliyekwenda mbele ya mashabiki, nikianzisha nyimbo na kuwatukana wapinzani. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, na utumbo wake wa ndani ulikuwa umekwisha kuoza, hivyo tulitia kibofu cha ng'ombe. Ukipigwa vizuri ulilia kama ngoma. Ukipigwa vibaya ulikwenda kwa mwendo wake wenyewe, na hapo ndipo magoli mengi yalipopatikana.

Wapinzani wetu walikuwa watu wa reli, pale Dodoma. Reli ilipofika, msimamizi mmoja wa stesheni aliyependa mpira kupita kiasi alianza kuchagua vibarua kwa miguu yao. Aliyejua mpira hakubeba mataruma ya reli wala kuvunja kokoto. Alipewa kazi nyepesi ili jioni abaki na nguvu. Kwa lugha ya leo wale walikuwa wachezaji wa kulipwa, nasi tulikuwa walimu na wachunga ng'ombe. Tuliwachukia kwa hilo. Tena tuliwaonea wivu, jambo ambalo siku zile nisingelikiri.

Golikipa wao alikuwa Mnyamwezi, rika langu. Kazi yake ilikuwa kuvuta pampu ya maji ya gari moshi, na ile pampu ilimpa mikono ambayo sijaiona tena kwa binadamu. Msimu wa kwanza tulicheza nao mara tatu, hatukumfunga hata goli moja.

Na alikuwa mtani wangu. Wagogo na Wanyamwezi tumetaniana tangu zama za misafara. Wao walipita Ugogo wamebeba pembe za ndovu kwenda pwani, sisi tulikaa juu ya visima vyetu na kuwatoza hongo, ushuru wa kupita, kwanza ndipo wanywe. Wengine wangelipiza kisasi hadi leo. Wazee wetu waliona ni heri kucheka, wakawekeana utani: mtani akuambie lolote, achukue chako chochote, nawe usikasirike. Ukimkosea kweli, unatoa faini, kuku au mbuzi kwa kadiri ya kosa, mnakula, yamekwisha. Na siku ya msiba mtani ndiye anayechimba kaburi na kuchekesha watu. Ndugu wa marehemu hulia. Mtani halii.

Tulizoeana visimani. Msimu wetu ulianza baada ya mavuno, uwele ukishaingia ndani na mashamba yakabaki wazi, na wakati huo watu wa Dodoma walichota maji kwenye mashimo yaliyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Hapo ndipo maneno yote ya mpira yalipozungumzwa, ng'ombe wakisubiri zamu yao. Nakumbuka mkutano wa mwanzo wa msimu ule wa pili. Mimi nilikuwa nimefika na mpishi wa misheni, mtu mnene, shabiki kichaa, ambaye timu ikifungwa hakutia chumvi katika mboga wiki nzima.

"Mwaka huu mtalia," mpishi akamwambia golikipa. "Tumepata kijana anapiga mpira unapasua ukuta wa tembe."

"Ukuta wa tembe ni udongo na mavi ya ng'ombe," golikipa akajibu. "Hata mbuzi anaupasua. Mimi nimetengenezwa kwa nini?"

"Kwa njaa," nikasema. "Babu yako alipita hapa amebeba pembe, akarudi na sindano moja. Nayo ilipotea njiani."

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kichwa nyuma, meno yote nje. "Haikupotea! Mgogo mmoja aliitoza hongo. Angalia nguo yako, hiyo sindano ndiyo iliyoishona!"

"Basi njoo uichukue Mvumi."

"Mvumi? Huko kwenye watu wanaosali mvua inyeshe ili mechi iahirishwe?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Siwezi kueleza raha yake kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Siku moja, wengine walipoondoka, tukabaki wawili tukiungoja mchanga utoe maji. Nikamuuliza alifikaje Dodoma. Akaniambia. Alikuwa ametoroka shamba la mkonge huko chini, karibu na pwani. Alikubali siku kadhaa za kazi, na kila siku ilitakiwa itiwe alama kwenye kadi yake. Lakini nyapara alitia alama siku alizotaka yeye, na ile kadi haikujaa. Alipoona mwaka wa pili unaingia aliondoka kwa miguu, akifuata reli, akabadilisha jina njiani. Mtoro wa mkataba alikuwa mtu wa kukamatwa. Alijua, nami nilijua. Aliniambia kwa sababu mtani si mtu wa kuogopwa. Nikamwambia, "Kumbe ndiyo maana hufungiki, umezoea kukimbia." Akanirushia mchanga. Tukachota maji, tukaenda zetu.

Mechi kubwa ya msimu ule ilichezwa Dodoma, Jumapili baada ya ibada. Tulikuwa tumetembea kutwa nzima siku ya kabla, tukalala kwa jamaa, asubuhi tukanawa vumbi na kuvaa kanzu za kanisani. Upande wa goli moja palikuwa na duka lenye ukuta mrefu, na kivuli pekee cha uwanja kilikuwa hapo. Kwa hiyo akida, aliyeletwa na serikali kutoka pwani ili atawale kwa niaba ya boma, aliwekewa kiti pale pale, nyuma ya goli, na askari mmoja pembeni yake. Sisi mashabiki wa Mvumi nasi tuliingia kivulini. Baina ya mdomo wangu na kiti cha akida hapakuzidi hatua nne.

Kipindi cha pili golikipa wao akaja kusimama kwenye goli lile. Ilikuwa sifuri kwa sifuri. Nikaanza kazi yangu.

Sisi tulikuwa na mtindo wetu. Shabiki akimtania mpinzani, watu walihesabu kila dongo kwa sauti. Ukirudia la zamani, umeshindwa. Ukifika ishirini bila kurudia, upande wako umeshinda hata kama kwenye mpira mmeshindwa. Kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kupita kumi na nne.

"Huyu anaogopa kuku!" nikapaza sauti.

"Moja!" watu wakaitikia.

"Mikono yake ni mikubwa kwa sababu huitandika akailalia!"

"Mbili!"

"Anaoga gari moshi likifika, na gari moshi linamkimbia!"

Naye alinijibu bila kugeuka, macho yakiwa kwenye mpira. "Mwalimu, umefundisha watoto kusema uongo, sasa wewe mwenyewe umefeli!" Upande wa reli ukalipuka. Hata akida alicheka, akajipigapiga gotini. Alikuwa Mswahili wa pwani, utani aliujua vizuri.

Nikaendelea. Mpishi alikuwa ananihesabia kwa vidole, vilipokwisha akatumia vya jirani yake. Kumi na tano. Kumi na saba. Kule mbele vijana wetu walikuwa wanapiga mpira na yule bwana anaudaka kama mtu anayepokea embe kutoka juu ya mti. Kumi na tisa. Nilimwambia mama yake alimzaa akiwa ameshika pampu. Akacheka hadi mabega yakatikisika. Uwanja wote ukangoja la ishirini.

Wapo wanaosema maneno yaliniishia. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo, na ulikuwa uongo. Nilikuwa na mengine mawili mdomoni, mazuri tu. Moja lilikuwa juu ya masikio yake. Nilikuwa nimechoka kushindwa. Nilitaka, kwa mara moja, nimwone yule mtu hacheki.

"Mtoro wa mkonge huyu! Kadi yake haijajaa, nyapara anaisubiri!"

"Ishirini!" watu wa Mvumi wakaunguruma. Mpishi alinikumbatia.

Golikipa akageuka. Ndiyo kwanza ageuke siku ile. Hakucheka. Na mimi nilimwona akida anavyofanya, kwa maana nilikuwa karibu: akida hakunitazama mimi hata kidogo. Alikuwa amesikia maneno ishirini, kumi na tisa yamemchekesha mtu na moja halikumchekesha. Alimtazama yule mtu usoni, taratibu, kama anayesoma barua.

Mpira ukapita nyuma yake. Kijana wetu alikuwa ameupiga vibaya, ukaenda mwendo wa kibofu, ukavuka mstari ukiwa unadundadunda kama kitu kisicho na haraka. Tulishinda moja kwa sifuri. Nilibebwa mabegani kuuzunguka uwanja. Sikuomba nishushwe.

Walimkamata kesho yake kwenye pampu. Siku ya tatu alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya watu, kisha wakamtia mnyororo na kumbebesha mawe ya barabara hadi mvua zilipoanza. Nilikuwa bado Dodoma siku ya viboko. Sikwenda. Nilikaa visimani, na upepo ukaniletea sauti ya anayehesabu. Wakati huo Mvumi walikuwa wamekwisha kutunga wimbo wa ushindi. Jina langu lilikuwamo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikwenda kwa akida nikaseme ulikuwa utani. Nilifikiri kwenda. Nilifikiri miezi mitano.

Mvua zilipoanza alifunguliwa, na yule msimamizi wa stesheni, kwa kupenda mpira kwake, akamrudisha kwenye pampu. Baada ya mavuno yaliyofuata nilimchukua mpishi awe shahidi, nikakokota beberu wangu mkubwa kutoka Mvumi hadi Dodoma. Nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema, mtani, kosa langu ni kubwa, ndiyo maana mbuzi ana ndevu. Angecheka, tungechinja, yangekwisha.

Alikuwa amesimama kwenye pampu, shati limefungwa hadi shingoni. Aliponiona aliacha kazi, akajifuta mikono.

"Karibu, mwalimu. Habari za Mvumi?"

"Njema. Nimeleta faini."

"Watoto shuleni hawajambo?"

"Hawajambo. Nimesema nimeleta faini, mtani."

Akamtazama mbuzi, akampapasa shingo. "Mbuzi mzuri. Faini ni ya utani, mwalimu. Yale kumi na tisa hayahitaji hata yai, yalinifurahisha. Lile moja halikuwa utani. Nikimla mbuzi huyu litakuwa limekuwa utani."

Mpishi akaingilia, "Bwana, mtani hakatai faini. Ni mwiko!"

"Ndiyo. Mtani hakatai." Akarudi kwenye pampu. "Nendeni salama. Jua kali."

Sijapata kutukanwa kama nilivyotukanwa na zile adabu. Tangu siku ile hadi mwisho aliniita mwalimu, akaniuliza habari za nyumbani, akanipisha njiani.

Mechi ilikuwa wiki iliyofuata, uwanja ule ule. Akida kitini, askari pembeni, sisi kivulini. Watu wa reli walipoingia, golikipa akaja moja kwa moja kwenye goli tulilokaa nyuma yake. Kabla ya firimbi akavua shati, akalikunja, akaliweka chini kando ya mti wa goli. Kisha akasimama ametugeuzia mgongo. Mlinda goli hutazama uwanja, huo ndio utaratibu. Hakuna wa kumwambia amefanya kosa. Kwa kipindi kizima akida alitazama alichoandika kwa kiboko, mbele ya Dodoma yote, wala hakuweza kuhamisha kiti, maana angeonekana amehama. Nilimwona akijipangusa shingo. Na mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, nikitazama kitu kile kile. Mwandiko ule ulikuwa wa wawili.

Mpishi akaninong'oneza, "Anzisha."

Sikuanzisha. Watu wa Mvumi wakaanza kunung'unika. Timu ilikuwa inashambuliwa, na mwimbishaji wao amekaa kama gunia. "Unatuuza?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia mimi ni wa Mvumi na nitakufa wa Mvumi, lakini leo sifungui mdomo.

Akida akasikia. Labda alitaka kelele zimfunike. "Mwalimu," akasema kwa sauti, "mbona kimya leo? Mwaka jana ulituchekesha. Tuchekeshe."

"Sina mtani leo, bwana akida."

"Si huyo hapo?"

"Yule si mtani wangu. Nilimuuza kwako bure."

Akida akanyanyua kidole, akasema mara ya pili, na sasa haikuwa ombi. "Imba."

"Siimbi."

Nilipigwa kumi pale pale ukutani, mpira ukiendelea. Sitaki mtu alinganishe. Kumi si hamsa ishirini, na mimi jioni nilikwenda kwa miguu yangu kulala kwa jamaa, sikubeba mawe. Wala sikuyafanya ili nisamehewe. Niliyafanya kwa kuwa katika maisha yangu yote nilikuwa nimesema kila nililotakiwa na kundi kusema, na nikaona inatosha. Golikipa hakugeuka. Hakuna mpira uliompita siku ile. Tulifungwa mbili, mpishi hakutia chumvi hadi mwisho wa mwezi, na Mvumi hawakunipa tena kuongoza nyimbo. Niliendelea kwenda kila mechi. Nilikaa nyuma.

Vita vilikuja, akida akaondoka na waliomleta, Mwingereza akaingia. Yule golikipa akabaki Dodoma, akaoa, akazeeka kwenye pampu ile ile. Nilikuwa nikimpitia. Tulizungumza juu ya mvua, watoto, na wachezaji wapya wasiojua kudaka. Hakunitania hata mara moja, nami sikuthubutu.

Alipokufa nilipata habari nikiwa shambani. Nilichukua jembe nikaenda, maana hata kama yeye alinikataa, Mgogo ana kazi yake kwenye kaburi la Mnyamwezi. Nilikuwa nimejiandalia na dongo. Lilikuwa lile la masikio yake, nililokuwa nalo mdomoni tangu ujana.

Mjane wake akanikuta mlangoni. Akaliangalia jembe.

"Shemeji mwalimu, liweke hilo chini."

"Nimekuja kuchimba, mama. Mimi ni mtani."

"Alisema utakuja. Alisema usichimbe, na usichekeshe watu. Ukija, ukae ndani na ndugu zake, ulie kama wao."

Wajukuu wangu husema hapo ndipo aliponisamehe, akanifanya ndugu. Mpishi, kabla hajafa, alisema ile ilikuwa adhabu ya mwisho, kumfunga mdomo mtu wa mdomo. Wajukuu hubishana juu ya hilo kama wanavyobishana juu ya timu zao, na wananitaka niamue. Siamui. Yeye mwenyewe hakusema, nami sitamsemea tena yule mtu jambo lolote mbele za watu.

Niliweka jembe ukutani, nikaingia, nikaketi kwenye mkeka katikati ya kaka zake. Nje watani wengine walikuwa wanachimba na kupiga kelele, kwamba marehemu alikuwa mzito kwa sababu ya maji ya pampu aliyoyanywa kwa wizi, na watu wakicheka. Lilikuwa dongo zuri. Nililifahamu, lilikuwa langu, la saba katika yale kumi na tisa. Nikalia.